Upinde wa mvua umebakiza rangi tatu, na mke wangu hajui hesabu

Shikamoo Shangazi,

Naomba usitaje jina langu. Mimi ni mtu wa Tanga, mwaka wa kumi huu naishi Cincinnati, Ohio, na mke wangu na mtoto wetu wa kiume wa miaka tisa. Nafanya zamu ya usiku ghalani, mke wangu anahudumia wazee majumbani mwao. Kula tunakula na kodi tunalipa, lakini fedha ya kuchezea hatuna, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Besiboli nimeijulia huku kwa sababu ya mtoto. Mwaka 2023 tulikwenda uwanjani kuwatazama Reds, timu ya hapa, wakati Elly De La Cruz ndiyo kwanza amepandishwa kutoka timu za chini. Kijana wa Kidominika, mrefu kama mnazi, anapiga kulia na kushoto, na akishafika besi ya kwanza uwanja mzima unasimama kwa kuwa kila mtu anajua ataiba ya pili, yaani atakimbilia huko bila kusubiri mpira upigwe. Mtoto alirudi nyumbani sauti imemkauka. Kadi za kukusanya zenye picha ya Elly, za mwaka wake wa kwanza, zilipotoka 2024, nikamnunulia pakiti mbili za Topps Chrome, kadi za kampuni ya Topps. Tukampata Elly mmoja, ile kadi ya kawaida kabisa. Mpaka leo anatembea nayo kwenye mkoba wa shule, kona moja imepinda.

Mimi ndiye niliyenasa. Wasomaji wasiojua niwaeleze: kadi ileile, yenye picha ileile, hutolewa kwa rangi nyingi, na wakusanyaji huziita paraleli. Rangi nyingi zina idadi yake, na kadi zake zimepigwa namba. Za zambarau zipo 250, za feruzi 199, za buluu 150, za kijani 99, za dhahabu 50, za chungwa 25, nyekundu 5, na Superfractor ni moja tu duniani. Ukizipata zote umekamilisha upinde wa mvua. Kwa miezi 14 nimefikisha nane kati ya 11: ya kawaida, rifrakta na prizimu (hizi mbili zinang'aa ila hazina namba), zambarau, feruzi, buluu, kijani na dhahabu yenye namba 31/50. Zimebaki tatu.

Sasa mtu wa Texas, tuliyejuana kwenye kikundi cha wakusanyaji mtandaoni, anayo ya chungwa, 07/25. Anataka dola 1,400 na ameniambia atanishikia mpaka tarehe 10. Anataka pia nimtumie fedha kwa ile njia ya mtandaoni ya kutumiana marafiki, ili asikatwe ada.

Fedha yenyewe itakuwepo. Tuna upatu wa watu wanane, kila mmoja dola 250 kwa mwezi, na zamu yangu ni tarehe 5. Lakini zile 2,000 tulikubaliana na mke wangu ziwe mwanzo wa tiketi za kumpeleka mtoto kwa bibi yake Tanga, hajawahi kumwona. Mke wangu anajua nimetumia kama dola 800 kwenye kadi. Ukweli ni 4,150. Kati ya hizo, 2,750 ni maboksi na kuchangia kufungua maboksi mubashara mtandaoni, ambapo kila mtu hununua nafasi ya timu na kupewa kadi zake, usiku nikiwa mapumzikoni. 1,125 ni kadi tano nilizonunua mojamoja, kuanzia zambarau hadi dhahabu. 275 ni makasha na kupeleka kadi mbili kupimwa PSA, kampuni inayopima ubora wa kadi na kuipa alama hadi 10, ambapo prizimu ilipata 10 na buluu ikapata 9. Kwenye kadi ya mkopo nadaiwa 1,900 kwa riba ya asilimia 24.

Nikimwambia mke wangu hatanielewa. Yeye anaona ni makaratasi. Mimi naona ni akiba ya mtoto: kadi ya mchezaji Mike Trout iliuzwa dola milioni 3.9 mwaka 2020, na mtoto wa miaka 11 wa Los Angeles alipata kwenye pakiti kadi ya mchezaji Paul Skenes iliyouzwa zaidi ya milioni moja mwaka 2025. Na mwanangu nimeshamwambia ya chungwa inakuja. Shangazi, ninunue au niache? Na ile ya kijani imeanza kupinda kama ukindu, nifanyeje?

Baba wa Cincinnati

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, na nakushukuru kwa kuziandika hesabu zote bila kuzificha. Inawezekana hii ndiyo mara ya kwanza kuziweka pamoja kwenye karatasi moja.

Umeniuliza ununue au uache. Mimi nayaona maswali mawili yamefungwa fundo moja. La kwanza ni la kadi: hii ya chungwa ina thamani gani kwako, na njia ya kuipata ni ipi. La pili ni la dola 3,350 ambazo mwenzako hajui kwamba zimeshatoka. La kwanza limewekewa tarehe 10 na muuzaji, la pili halina tarehe, ndiyo maana la kwanza linapiga kelele zaidi.

Nianze na neno lako "zimebaki tatu". Kwa rangi, ndiyo, nane kati ya 11. Lakini ihesabu kwa nakala. Za chungwa 25, nyekundu 5 na Superfractor 1, jumla kadi 31 duniani kote. Superfractor huenda bado imelala kwenye pakiti isiyofunguliwa, au iko kwa mtu ambaye haiuzi, na akiiuza bei ataipanga peke yake kwa kuwa hakuna ya kuilinganisha nayo. Nyekundu tano huwa hivyohivyo: mbili tatu zikishaingia kwa wapenzi wa Reds wa kweli hazitoki. Kwa hiyo ya chungwa usiihesabu kama ya tatu kutoka mwisho. Yawezekana kabisa ndiyo ya mwisho utakayoweza kuinunua maishani. Nakuomba ukae na swali hili kabla ya lingine lolote: kama ungejua leo kwamba nyekundu haitakuja, bado ungeitaka ya chungwa kwa dola 1,400?

Na hiyo 11 umeiweka wewe. Topps Chrome ina pia matoleo yenye mawimbi katika baadhi ya rangi hizohizo, na kila kadi ina mabamba manne ya kuchapishia, samawati, majenta, njano na nyeusi, kila bamba moja tu. Umeyaacha nje, na umefanya vizuri. Rifrakta za kwanza zilitoka 1993 kwenye Topps Finest, na kadi ilikuwa na toleo moja tu la kung'aa. Superfractor ikaja 2005. Tangu hapo rangi zimeongezwa mwaka baada ya mwaka, kwa sababu mtu mwenye nane huitafuta ya tisa. Kama mpaka wa 11 uliuchora kwa mkono wako, unaweza kuuchora pia kwenye nane, ukaishia dhahabu, na huo utakuwa mkusanyiko kamili wa mtu aliyeamua. Sisemi ufanye hivyo. Nasema kalamu unayo wewe.

Sasa maboksi, maana hapo ndipo fedha yako ilipokwenda. Dola 2,750 zilikupa nini? Kwa barua yako mwenyewe, rangi tano zenye namba ulizinunua mojamoja kwa 1,125. Ya kawaida ilitoka kwenye pakiti za mtoto, basi maboksi yamekupa rifrakta na prizimu tu, kadi ambazo ukizinunua mojamoja bila kupimwa ni za bei ndogo. Hukuwa na mkosi, ndivyo hesabu ilivyo. Seti ya 2024 ina kadi 300. Kila moja ina toleo la dhahabu 50, maana yake kuna dhahabu 15,000, na za Elly ni 50 tu. Hata usiku ule unapoona dhahabu inatoka kwenye pakiti, uwezekano wa kuwa yeye ni mmoja kwa 300. Nyekundu vivyo hivyo: zipo 1,500, tano ndizo zake. Na mkichangia kufungua, nafasi ya Reds huuzwa ghali kuliko timu nyingine nyingi kwa sababu yake yeye, kwa hiyo tumaini lako limeshatozwa bei kabla boksi halijakatwa.

Kuna jambo hapa nataka ulitazame kwa upole. Kununua kadi uliyoichagua, ukalinganisha bei, ukasubiri, ni kukusanya. Kuchangia boksi saa nane za usiku ukiwa mapumzikoni, moyo unadunda, halafu ukachangia jingine kwa sababu la kwanza halikutoa kitu, kunafanana sana na kamari hata kama mwishoni unapewa karatasi mkononi. Jiulize: ukiwa na ya chungwa mkononi, usiku huo mkono utatulia? Ukiona jibu linasita, kuna washauri wa watu wanaosumbuliwa na kamari katika kila jimbo la Marekani, na kwao kadi si jambo geni tena.

Kuhusu akiba ya mtoto. Mifano uliyoitaja ni ya kweli, lakini itazame kwa karibu. Ile ya Trout ni kadi ya Bowman ya 2009, Superfractor yenye sahihi yake, moja duniani, na wakati inauzwa alikuwa tayari mchezaji bora wa ligi yake mara tatu. Ile ya Skenes ni moja duniani pia, ina sahihi na kiraka cha jezi aliyovaa mechi yake ya kwanza. Kadi yako ya chungwa ni moja kati ya 25, haina sahihi, ya kijana ambaye mwaka 2024 aliiba besi 67 na mwaka huohuo akatolewa kwa kukosa mipira mitatu mara 218, zaidi ya mtu yeyote katika ligi kuu. Anaweza kuwa mkubwa kuliko wote, na goti moja linaweza kubadilisha kila kitu. Sikukatazi kuamini. Ila ukiinunua, inunue kwa kuwa unaipenda. Wakati huohuo deni la 1,900 kwa asilimia 24 linakutoza dola 38 kila mwezi, na hilo halina shaka wala halisubiri msimu.

Hebu tuzipitie njia zako.

Ukiinunua kwa fedha ya upatu, tiketi zinabaki na dola 600, na mkeo atalijua siku ya kukata tiketi. Hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko bei yenyewe. Upatu wenu ni wa watu wanane wanaokutana. Jambo lenu halitakaa ndani ya nyumba.

Ukitaka kuuza nyingine ili uinunue hii, piga hesabu kwanza. Kadi zako tano za 1,125, bei zikiwa zimebaki palepale, ukiziuza eBay watakata takriban asilimia 13, utabakiwa na dola 979 kabla ya kutuma. Utapungukiwa 421, na utakuwa na ya chungwa bila upinde. Ukizipeleka kwenye maonyesho ya kadi hutalipa makato hayo, lakini wenye meza kwa kawaida hutoa asilimia 70 hadi 80 ya bei ya soko, kwa sababu nao wanakwenda kuuza.

Ukisubiri, unaweza kuikosa hii ya 07. Lakini nakala 24 nyingine zipo, na bei za wachezaji huwa zinalegea msimu ukishaisha hadi katikati ya baridi, kisha zinapanda mazoezi ya Februari yakianza. Katika mwaka mmoja ukiweka kando dola 100 kwa mwezi, kwa kujua kwa mkeo, unayo 1,200 safi isiyo na riba. Hatari ya njia hii ni moja: Elly akiwa na msimu wa ajabu, 1,200 haitatosha.

Na ukiamua kuinunua hii, iwe kwa fedha gani, usiinunue kwa masharti ya muuzaji. Malipo ya kimarafiki hayana ulinzi. Kadi isipofika, fedha imekwenda. Mwambie utalipa kwa njia ya bidhaa na huduma na makato ya asilimia 3 hivi, kama dola 42, utayabeba wewe. Akikataa hata hapo, umeshajua la kujua. Mwombe picha ya kadi pembeni ya karatasi yenye jina lake na tarehe ya siku hiyo, namba 07/25 ikionekana, kisha video fupi akiigeuza taratibu chini ya taa. Rifrakta huficha makosa ukiitazama moja kwa moja. Ukiinamisha ndipo mistari ya uchapaji na mikwaruzo huonekana, nyembamba kama unywele. Tazama kona nne, kisha linganisha upana wa ukingo wa kushoto na wa kulia. Angalia pia kama ni chungwa ya kawaida au yenye mawimbi, maana zote ni 25 na bei hazilingani. Bei yenyewe itafute kwenye mauzo yaliyokamilika ya siku 90, usitazame bei wanazoomba. Usipokuta chungwa iliyouzwa karibuni, tazama dhahabu zinauzwaje sasa ukilinganisha na ulivyonunua yako. Na usiipeleke PSA kwa haraka: ikirudi na 9, mara nyingi huuzwa kwa bei isiyozidi ile ya kadi isiyopimwa, na ada umeshalipa. Hilo buluu yako imeshakufundisha.

Ya kijani inapinda kwa sababu mbele ni utando wa plastiki na nyuma ni karatasi. Nyumba za Ohio wakati wa baridi hukaushwa na hita. Karatasi inapoteza unyevu na kusinyaa, utando hausinyai, basi kadi inavutwa. Usiipige pasi wala kuilalia na vitabu karibu na joto. Iweke kwenye mfuko laini, kisha kasha gumu la inchi 3 kwa 4, uifungie kwenye boksi la plastiki lisilopitisha hewa pamoja na kipakiti cha kudhibiti unyevu cha asilimia 45 hadi 50. Iache wiki kadhaa. Itanyooka yenyewe polepole, au angalau itaacha kuendelea.

Nimemweka mkeo mwishoni kwa sababu ndiye mzito. Umeandika hatanielewa. Sijui umefikaje hapo, maana kwa barua yako hajapewa kitu cha kuelewa, amepewa 800. Huenda atakasirika, na hasira hiyo ni haki yake. Lakini kukasirikia kadi na kukasirikia kufichwa ni mambo mawili, na kila mwezi unaopita la pili linakua. Ukiamua kumwambia, mwambie kabla ya tarehe 5, fedha ikiwa bado haijaingia mkononi, ili maamuzi ya upatu yawe yenu wawili. Mpe namba yote kwa mara moja: 4,150, na 1,900 ya deni. Ukianza na 2,000 halafu wiki ijayo ukaongeza, atabaki akisubiri ya tatu. Nenda na karatasi uliyoniandikia mimi. Usiende na ombi la ya chungwa siku hiyohiyo.

Mtoto naye umemwahidi. Watoto wa miaka tisa wanaelewa "bado" kuliko tunavyodhani, hasa wakipewa kazi. Mpe kazi ya kuandika bei za chungwa zinazouzwa kila Jumapili kwenye daftari. Atajifunza hesabu, nawe utapata kumbukumbu ya bei ambayo wakusanyaji wengi hawana.

Kitu kimoja hukuniandikia: kama mkeo amewahi kuzishika kadi hizi. Siku hesabu zitakapokuwa zimekwisha kusemwa na chai imepoa, usimpe maelezo. Mpe ile ya dhahabu, 31/50, na mtoto awe karibu. Aiinamishe chini ya taa ya jikoni aone rangi inavyokimbia kutoka kona hadi kona, kisha mtoto amweleze Elly ni nani. Halafu niandikie alisema nini.